Kwanza Ulizeni Mtoto Amelala Wapi

Ndugu wasomaji, leo naomba niwachokoze. Mkinuna, ninunieni mimi, mhariri mwacheni.

Sisi vijana tunaoandika tuna hadithi moja tunayoipenda mno. Binti anatoka kijijini, anaanza sekondari, anakutana na kijana mwenye pikipiki, anarubuniwa kwa chipsi na vocha ya simu, anapata mimba, anaacha shule, analia. Mwishoni tunachomeka "asiyesikia la mkuu huvunjika guu", tunaweka nukta, tunaona tumeielimisha jamii. Hadithi ya mvulana ni hiyo hiyo. Chipsi zinageuka bangi na mimba inageuka kifungo. Mimi mwenyewe nimeiandika mara mbili katika madaftari yangu ya kaunta, humo ninamojifunza kuandika riwaya.

Ya pili nilimsomea bibi yangu, mzaa mama, huko delta ya Rufiji. Alikuwa anapepeta mchele. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza:

"Sasa mume wangu, huyo binti huko shuleni alikuwa anakaa kwa nani?"

"Alipanga chumba, bibi."

"Akila nini?"

"Hapo sikuandika, bibi."

"Alaa! Basi hujaandika kitu. Umemtukana tu mtoto wa watu."

Nilinuna siku mbili. Siku ya tatu nilikiri kwamba mwanamke asiyejua kusoma amenisahihisha vizuri kuliko mwalimu yeyote. Makala hii ni masahihisho yangu. Hoja yangu ni moja tu, nayo naisema wazi ili atakaye kunipinga asihangaike kuitafuta: tabia mbaya ya mwanafunzi mara nyingi imeanza kwenye karatasi ya bajeti kabla haijafika kwa mtoto, na anayetaka kumchapa mtoto huyo aulize kwanza fedha zilimlaza wapi.

Kwa wasioijua delta, hapo ndipo mto Rufiji unapogawanyika vijito kabla ya kuingia Bahari ya Hindi. Ni msitu wa mikoko wa hekta zaidi ya 50,000. Kwa upande wa Wilaya ya Kibiti tuna kata za Kiongoroni, Maparoni, Mbuchi, Msala na Salale. Wageni wakisikia delta hukumbuka meli ya vita ya Wajerumani, Königsberg, iliyojificha humu miezi kadhaa hadi Julai 1915, Waingereza wakihangaika nayo kwa manowari na ndege. Sasa kama jimeli zima liliweza kujificha humu, hebu fikirieni afisa elimu mwenye pikipiki atamwonaje mtoto aliye ndani ya mtumbwi.

Kwetu barabara ni maji, na maji yana saa zake. Yakijaa unapita, yakipwa kijito kinabaki tope na mtumbwi unakaa juu yake kama mamba aliyeshiba. Kila siku maji yanachelewa karibu saa nzima kuliko jana. Kengele ya shule haichelewi. Inagongwa asubuhi ile ile, iwe bamvua, iwe maji mafu. Kwa hiyo mtoto wa delta anayetegemea mtumbwi lazima siku kadhaa za kila mwezi achelewe hata kama ana nidhamu kuliko malaika. Mwalimu aliyeletwa kutoka mkoa wa milimani hajui hayo, na hakuna aliyemfundisha. Anaona mtoto mwenye tope magotini, anachukua fimbo.

Ndiyo maana wengi wetu tuliofaulu kwenda sekondari ya bara tulipanga. Nilianza kidato cha kwanza Januari 2016, mwezi ule ule elimu bila ada ilipoanza kufuatia Waraka wa Elimu Na. 5 wa mwaka 2015. Kijijini kwetu watu walishangilia, na walikuwa na haki ya kushangilia. Ada ya sekondari ya kutwa iliyofutwa ilikuwa shilingi 20,000 kwa mwaka. Lakini chumba chetu, geto kama tulivyoliita, kilikuwa shilingi 10,000 kwa mwezi. Tulikuwa wanne, na mwenye nyumba hakujua likizo. Pigeni hesabu: kila mmoja wetu alilipa 30,000 kwa mwaka kwa ajili ya kulala tu. Ada ilifutwa, pango halikufutwa. Baba yangu alivua kamba akalipia chumba, huku redioni anaambiwa mwanawe anasoma bure.

Tulikuwa na miaka kumi na minne, kumi na mitano. Hakuna mtu mzima aliyetuuliza tumerudi saa ngapi. Tulipikia ndani kwa mkaa, tulisomea koroboi, na mlango ulikuwa mmoja. Jumamosi tulirudi nyumbani kuchukua mchele na samaki wa kukaushwa, kama maji yaliruhusu. Yasiporuhusu, wiki iliyofuata tulikuwa na njaa.

Sasa nikiri. Wiki moja ya namna hiyo, nikiwa kidato cha pili, tuliingia shamba la mzee mmoja usiku tukang'oa mihogo. Tulikamatwa. Kesho yake mstarini tukaitwa wezi mbele ya shule nzima, tukachapwa. Kanuni za adhabu ya viboko za mwaka 1979, zilizorekebishwa mwaka 2002, zinasema viboko visizidi vinne, achape mkuu wa shule au mwalimu aliyemruhusu kwa maandishi, na adhabu iandikwe kitabuni. Sisi tulipoteza hesabu baada ya kumi, na kitabu sikukiona. Shule siitaji, maana sitaki kumchongea mtu, na walimu wenyewe walikuwa wachache na wamechoka. Ninachosema ni hiki: tulistahili adhabu, wizi ni wizi. Lakini katika kadamnasi ile hakuna aliyeuliza kwa nini wavulana wanne wa delta, ambao kwao mchele unavunwa, walikuwa wanang'oa mihogo mibichi usiku.

Tena ulikuwa usiku wa mwaka 2017! Waliokuwepo Kibiti wanajua. Viongozi wa vijiji walikuwa wanauawa, na Aprili 13 mwaka huo askari polisi wanane waliuawa kwa kushambuliwa hapa hapa kwetu. Bodaboda zikapigwa marufuku kutembea baada ya saa kumi na mbili jioni. Ikaundwa Kanda Maalum ya Kipolisi ya Rufiji. Watu wazima walijifungia na wake zao kabla ya isha. Sisi watoto wa magetoni tulijifungia na nani? Tuliegemeza ndoo mlangoni, tukazima koroboi, tukasikilizana pumzi. Mmoja wetu aliondoka mwezi huo, akarudi delta kuvua kamba. Kwenye daftari la mahudhurio aliandikwa mtoro. Alikuwa mkali wa hesabu kuliko mimi. Neno hilo, mtoro, ndilo lililobaki serikalini kama habari zake zote.

Na yule binti wa hadithi zetu? Alikuwepo. Chumba cha pili, kidato cha pili. Alipewa chipsi, ni kweli. Alikuwa hajala tangu jana yake. Alipopata mimba aliondolewa, maana Juni 2017 Rais John Magufuli, akiwa huku huku mkoani Pwani, alikuwa ametamka kwamba aliyejifungua hatarudi shule. Novemba 2021 serikali ikabadili msimamo, ikawaruhusu kurudi. Nasifu sana. Lakini naendelea kuuliza swali la bibi: akirudi anakaa kwa nani? Anarudi chumba kile kile, pikipiki ile ile iko nje, na safari hii ana mtoto mgongoni.

Wapo watakaosema, jengeni mabweni basi, yaishe. Nakubali, ila nanyi msikimbilie huko na macho yamefumbwa. Bweni lisilokuwa na fedha za kuliendesha ni jeneza la pamoja. Juni 1994, Shauritanga, Rombo, wasichana 42 waliungua wakafa. Agosti 2009, Idodi, Iringa, wakafa wasichana 12; ilielezwa kwamba moto ulianzia kwenye mshumaa wa mwanafunzi aliyekuwa anajisomea. Jamani, kusoma usiku! Hiyo ndiyo tabia tunayoihubiri kila siku mstarini. Mwenye bidii ndiye aliyewasha mshumaa, kwa sababu umeme haukuwepo.

Hata pale ambapo kosa ni la wanafunzi wenyewe, angalieni kilichoua. Machi 2001, Kyanguli, Machakos, kwa jirani zetu Kenya, bweni lilichomwa moto kwa makusudi na wavulana 67 wakafa. Moto uliwashwa na mkono wa mtu, lakini mlango mmoja ulikuwa umefungwa na madirisha yalikuwa na nondo. Mkorofi ni mkorofi. Kufuli je, liliwekwa na nani? Kenya ilitoa mwongozo wa usalama wa shule mwaka 2008: mlango mpana unaofunguka kwa nje, dirisha bila nondo. Mwongozo mzuri kabisa. Septemba 2024, Hillside Endarasha, Nyeri, bweni la mbao lililolaza wavulana zaidi ya 150 likaungua, wakafa 21. Karatasi haizimi moto, ndugu zangu. Kinachozima moto ni maji, mlinzi aliye macho na mlango wa pili, na vyote hivyo vinalipiwa.

Sisi huku badala ya mlango wa pili tunapenda fimbo. Oktoba 2019, nikiwa kidato cha nne najiandaa na mtihani, mabweni yaliungua katika Sekondari ya Kiwanja, Chunya. Mkuu wa Mkoa wa Mbeya wa wakati ule, Albert Chalamila, akawachapa hadharani wanafunzi 14 waliotuhumiwa kuhusika na moto na simu, na mamia wakarudishwa kwao wakatafute fedha za kufidia. Rais akampongeza, akaona viboko vilikuwa vichache. Kijiweni kwetu watu walipiga makofi. Nami nilicheka, nisiwadanganye. Baadaye ndipo nikajiuliza: mkuu wa mkoa ameshika fimbo mbele ya kamera, je, nani ameshika kitabu cha ukaguzi wa mabweni? Na mwaka mmoja kabla ya hapo, Agosti 2018, hatukuwa tumeona mwisho wa fimbo? Mtoto wa darasa la tano, Shule ya Msingi Kibeta, Bukoba, alifariki baada ya kupigwa na mwalimu kwa tuhuma za pochi iliyopotea. Pochi!

Sasa twende kwenye fedha, maana huko ndiko wengi husinzia, na wajanja wanapenda tusinzie.

Fedha za uendeshaji wa shule zinakwenda kwa vichwa. Mpango wa MMEM ulipoanza mwaka 2002 kiwango cha msingi kilikuwa dola 10 kwa mwanafunzi kwa mwaka, sawa na kama shilingi 10,000 za wakati ule. Elimu bila ada ilipoanza 2016, miaka 14 baadaye, bado hesabu ilikuwa shilingi 10,000. Dola ilikwishapanda, chaki ilikwishapanda, shilingi 10,000 ikabaki imekaa pale pale kama nguzo ya daraja. Sekondari ikawa 25,000, na nusu ya hizo ni za vitabu. Mwaka una siku za masomo 194. Gawanyeni 25,000 kwa siku hizo, mnapata kama shilingi 129. Kwa hizo, vitabu vyake vikiwemo, mtoto anaendeshwa siku nzima. Na chakula cha mwanafunzi wa kutwa hakimo, kimeachwa kwa mzazi.

Lakini ubaya mkubwa kuliko udogo wa hela ni hesabu yenyewe ya vichwa. Shule ya mjini yenye watoto 1,000 inapata fungu la vichwa 1,000. Shule ya kisiwani yenye watoto 150 inapata fungu la vichwa 150. Mnaona haki hapo? Mafuta ya injini ya boti hayauzwi kwa vichwa. Mwalimu akienda kuchukua mitihani kwa boti, bei ni ile ile wawe watoto 150 au 1,000. Hesabu ya vichwa haioni maji, haioni mamba, haioni bamvua. Mtoto wa delta na mtoto wa lami wamepewa sahani sawa, lakini mmoja wao ameambiwa aifuate sahani yake ng'ambo ya mto.

Na majengo ni hivyo hivyo. Mwaka 2021 serikali ilipata mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa, shilingi trilioni 1.3 za mapambano ya UVIKO-19, na kati ya hizo yakajengwa madarasa 15,000 nchi nzima, milioni 20 kila darasa. Jambo kubwa, sitalibeza. Nimesoma nimekaa chini, najua thamani ya dawati. Ila bei ilikuwa moja, ya aliye kando ya barabara na ya yule ambaye saruji yake inapakiwa kwenye mashua Nyamisati. Kisha ukaja mradi wa SEQUIP, wa mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 500 ulioidhinishwa Machi 2020, ukaleta sekondari mpya za kata na shule ya bweni ya wasichana kwa kila mkoa. Nazo nazipongeza. Lakini shule moja ya mkoa mzima haiwezi kuwalaza wasichana wote wa visiwani, na darasa jipya linafungwa saa tisa na nusu alasiri. Mtoto anaharibikiwa saa ngapi? Hakuna aliyepewa mimba ubaoni. Fedha zetu zinamlinda mtoto wakati wa hesabu na Kiingereza, halafu jua likizama zinamwacha njiani.

Najua mtakayosema. Wazee watasema: "Mbona sisi tulisoma tukila mihogo, tukachapwa, na tukawa watu?" Shikamooni wazee wangu. Wengi wenu mliosoma sekondari za serikali za zamani mlilala bwenini, mkapikiwa ugali na maharage, mkawa na mlezi aliyepita na tochi usiku. Mlichapwa, sawa, lakini mlilazwa kwanza. Sisi tumerithi fimbo, kitanda hatukukirithi.

Wengine watasema wazazi wa delta wazembe. Wapo wazembe, kama walivyo Masaki. Lakini mzazi ambaye Aprili 2024 mafuriko yalimchukulia mpunga wote, akahama nyumba na watoto wake, halafu Juni akatakiwa kutuma pango la chumba na mchele wa kidato cha pili, huyo msimwite mzembe mbele yangu.

Na wengine watasema kila mtu ana hiari, si kila aliyekaa geto aliharibikiwa. Kweli, mimi hapa nipo. Lakini waliovuka mto wenye mamba hawathibitishi kwamba mamba hawapo. Tulikuwa wanne chumbani. Aliyemaliza kidato cha nne ni mimi na mwenzangu mmoja.

Nisiwe wa kulalama tu. Nataka mambo manne, na yote yanapangika. Fungu la shule lipangwe kwa vichwa na kwa njia pia, shule inayofikiwa kwa maji ihesabiwe maji yake. Kabla ya kuongeza darasa katika sekondari inayopokea watoto wa mbali, ijengwe hosteli yenye milango miwili, dirisha lisilo na nondo, na mlezi anayelipwa mshahara badala ya kujitolea. Shule zetu zipate boti na maboya, na ruhusa ya kugonga kengele kwa kufuata maji. Na fedha zikiingia zibandikwe ukutani, penye macho ya wazazi, siyo ndani ya droo. Baada ya hayo, mtoto akiiba mihogo, njooni na adhabu yenu. Nitakuwa wa kwanza kusema amekosa.

Nanyi waandishi wenzangu, msinione najitoa. Hadithi zetu za "asiyesikia la mkuu" zinawasaidia wakubwa kuliko tunavyodhani. Kila tunapomwandika binti aliyejiponza mwenyewe, tunampa mtu fulani ofisini sababu ya kutojenga hosteli. Hatulipwi kwa kazi hiyo, tunawafanyia bure.

Nimeanza kuiandika upya hadithi yangu. Sasa ina chumba, ina koroboi, ina sufuria tupu, na jirani anayesikia ugomvi akanyamaza. Jirani huyo ni mimi. Sikukuu ijayo nitamsomea bibi. Akiniuliza tena alikuwa anakula nini, safari hii jibu ninalo, na si jibu la kujivunia.

Naomba kutoa hoja.